Tuhesabiwe Baada ya 49: Ilani ya Wanawake Waliokoma Hedhi na Wanaokaribia

Sisi ni wanawake tulioacha kuona siku zetu, pamoja na wenzetu ambao siku zao zinakuja zinavyotaka: mwezi huu mara mbili, kisha miezi mitatu kimya, kisha damu ya kuloanisha godoro. Tupo walimu, mama lishe, wauguzi wastaafu, wakulima wa mpunga, makarani, wauza mitumba. Wengi wetu tumekutana kwenye vicoba. Hisa zikishanunuliwa na mikopo ikishagawiwa, wanawake hawainuki kwenda nyumbani, huanza maneno. Katika maneno hayo tuligundua kwamba karibu kila mmoja wetu alikuwa akisumbuliwa na jambo lilelile, na kila mmoja alidhani limempata yeye tu.

Nchi hii, Tanzania, inatujua vizuri mpaka tunapofika miaka 49. Utafiti mkubwa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022, ambao mipango mingi ya afya huutegemea, uliwahoji wanawake wa miaka 15 hadi 49. Umezaa wangapi? Ulijifungulia wapi? Unatumia njia gani ya uzazi wa mpango? Ukitimiza 50, dodoso linapita mlangoni kwako bila hodi. Tunaelewa sababu yake, kwa kuwa utafiti huo ulibuniwa kupima uzazi. Lakini asiyeandikwa kwenye takwimu haandikwi kwenye bajeti. Sera za nchi zimempa mjamzito huduma bila malipo, zimempa mtoto wa chini ya miaka mitano, na Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60. Mwanamke wa miaka 52 hana mimba, hanyonyeshi, na uzeeni hajaingia. Kadi yake ya kliniki ilishaliwa na mende.

Wala sisi si wachache. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, mwaka 2021 wanawake wa miaka 50 na kuendelea walikuwa asilimia 26 ya wanawake na wasichana wote duniani, kutoka asilimia 22 miaka kumi kabla. Mwanamke aliyekuwa na miaka 60 mwaka 2019 alitarajiwa, kwa wastani, kuishi miaka 21 mingine. Tunazungumzia sehemu ya maisha iliyo ndefu kuliko utoto.

Tuseme kwanza kinachotokea mwilini, maana wengi wetu hatukuambiwa. Kati ya miaka 45 na 55, ovari za wanawake wengi hupunguza kutoa homoni ya estrojeni mpaka hedhi inakoma. Ikipita miezi 12 mfululizo bila damu, na hakuna sababu nyingine, hapo tunasema umekoma. Aliyekoma kabla ya miaka 40 amewahi mno na anahitaji daktari. Aliyetolewa ovari pamoja na kizazi, labda kwa sababu ya fibroidi, huingia katika ukomo wa hedhi kwa siku moja, bila maandalizi, na mara nyingi hurudishwa nyumbani na maelezo ya kidonda peke yake.

Estrojeni haikuwa ikifanya kazi kwenye kizazi tu. Ilikuwa ikishughulika na ubongo unaopima joto la mwili, na mifupa, na mishipa ya damu, na kibofu, na ngozi laini ya uke. Ndiyo maana joto huanza kifuani likapanda shingoni na usoni, jasho likakutiririka mbele ya darasa, kisha ukatetemeka kwa baridi. Ndiyo maana usingizi hukatika saa nane usiku, moyo hudunda bila kukimbizwa na mtu, viungo huuma, hasira huja bila kuitwa, na jina la mtoto wa dada yako hukupotea ukiwa unamtazama usoni. Si wote wanaopata haya yote. Wapo waliovuka bila hata kutoka jasho, nao tunawaomba wasiwacheke wenzao.

Sasa tuseme jinsi tunavyotibiwa. Anayefika zahanati na jasho la usiku anaandikiwa dawa ya malaria, wakati mwingine hata kipimo kikionyesha hana vimelea. Anayelalamika kuwashwa na kuchomwa akikojoa anapewa antibayotiki, anarudi, anapewa nyingine, mwisho anaambiwa ana UTI sugu; hakuna aliyemuuliza kama ameacha kuona siku zake, wala aliyemweleza kwamba estrojeni ikipungua njia ya mkojo hukauka na maambukizi hupata mwanya. Wa moyo kudunda anaambiwa apunguze mawazo. Na kauli tuliyoisikia wote, kutoka kwa kijana mwenye koti jeupe anayeweza kuwa mwanetu wa mwisho, ni hii: "Mama, ni umri tu." Hatumlaumu sana kijana. Huenda darasani kwake somo hili lilipita kama basi la mkoani kwenye kituo kidogo.

Hatutaki pia kosa la upande wa pili, la kusingizia ukomo wa hedhi kila kitu. Jasho la usiku ni dalili mojawapo ya kifua kikuu, na mwenye kikohozi, homa au kukonda apimwe makohozi. Tezi ya shingo nayo inaweza kuleta joto na moyo kwenda mbio. Na damu ikitokea tena baada ya mwaka mzima wa ukavu, hata tone moja, hiyo si hedhi iliyorudi, wala si ujana, kama wanavyotania wengine. Inaweza kuwa dalili ya saratani ya mfuko wa uzazi. Nenda hospitali wiki hiyohiyo.

Wasiotibiwa kabisa ndio wanaotuumiza zaidi. Wapo walioambiwa damu isiyotoka hupanda kichwani. Wapo waliopelekwa kwa waganga kutolewa majini. Na kwa wenzetu wa Kanda ya Ziwa, kukosa usingizi ni hatari ya aina nyingine. Huko vikongwe wameuawa kwa miaka mingi kwa tuhuma za uchawi, na macho mekundu ya moshi wa kuni yamehesabiwa kuwa ushahidi. Mwanamke anayetoka nje usiku wa manane kutafuta upepo, kanga imelowa jasho mgongoni, anajua jirani akimwona atasema nini. Ukimya kuhusu mwili wa mwanamke mtu mzima umeshatugharimu zaidi ya aibu.

Hatukuwa watu wa kunyamaza hivi. Pwani na kusini, msichana alipovunja ungo alikabidhiwa kwa kungwi, akapewa somo wake, akachezewa ngoma, akafundwa. Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki Aprili 2013, dunia ilimjua kwa taarabu, lakini nyumbani alikuwa pia mwenye ngoma za unyago. Hatuupambi unyago. Mengi yaliyofundishwa humo yalikuwa ya kumhudumia mume, na kwa wengine ulikuwa mlango wa ndoa ya utotoni. Tunachotamani ni ule utaratibu wake: kwamba badiliko la mwili lilikuwa na mwalimu, na mwalimu huyo alikuwa mwanamke aliyetangulia. Anayeingia hedhi alifundwa. Anayetoka aliachwa ajifunde mwenyewe gizani. Basi jambo la kwanza tunaloanzisha ni hili: kila mwanamke anayefika miaka 45 awe na somo, mtu aliyekwishavuka, anayeweza kuulizwa lolote bila kufumba mafumbo.

Hilo lolote ni pamoja na chumbani. Ukavu ukeni hufanya tendo la ndoa liume. Mke anakwepa, mume anahisi amechokwa au ameibiwa, na nyumba nyingi zimeingia ufa hapo bila mtu kutaja neno ukavu. Vipo vilainishi, na ipo krimu ya estrojeni inayopakwa mahali penyewe, ambayo kiasi kidogo mno huingia kwenye damu. Na jingine ambalo somo atalisema bila kucheka: aliyekoma kabla ya miaka 50 aendelee na uzazi wa mpango miaka miwili baada ya hedhi ya mwisho, na aliyevuka 50, mwaka mmoja. Tunao wajukuu waliowazidi umri wajomba zao kwa sababu ya kutojua hilo.

Kuhusu dawa za homoni, tumechoka na hofu za kusikia. Mwaka 2002 utafiti mkubwa wa Marekani kuhusu afya ya wanawake ulisimamisha sehemu yake ya estrojeni pamoja na projestini, na habari zikaenea kwamba homoni zinaua. Idadi iliyotisha dunia ni hii: wagonjwa wanane zaidi wa saratani ya matiti katika kila wanawake 10,000 kwa mwaka, na viwango vya karibu hivyo vya kiharusi na vya damu kuganda mapafuni. Idadi hiyo si ya kudharau. Lakini waliopimwa walikuwa na wastani wa miaka 63, wengi wao wameshakoma zamani. Uchambuzi uliofuata ulionyesha kwamba kwa mwanamke asiyetimiza 60, au ambaye hajapitisha miaka kumi tangu akome, na asiye na kizuizi, faida kwa kawaida huzidi hatari. Vizuizi vipo: saratani ya matiti, historia ya damu kuganda, ugonjwa mkali wa ini, damu ya ukeni isiyojulikana chanzo. Mwenye kizazi lazima apewe projesteroni pamoja na estrojeni ili ukuta wa mfuko wa uzazi usikue kupita kiasi. Hayo ni mazungumzo ya robo saa na daktari. Tunataka hiyo robo saa. Atakayeamua kutumia atumie, atakayeamua kutotumia asiitwe mshamba.

Wanaotuuzia mitandaoni chupa za "kuweka sawa homoni" kwa bei ya gunia la mahindi, bila kipimo wala orodha ya kilichomo, hatuwahitaji. Hili tunalisema hata kwa wanachama wetu wanaoziuza, na tunajua wamo.

Kuna kazi ambayo hatumngoji waziri. Mashine ya kupima presha bei yake haishindi kikundi cha wanawake 30. Kila kicoba kitakachojiunga nasi kitanunua moja na kupima kabla ya kufungua sanduku, kwa sababu baada ya hedhi kukoma hatari ya moyo na mishipa huongezeka, na presha haibishi hodi. Tutatembea, tutabeba vya kubebeka, kwa kuwa mfupa unaofanyishwa kazi hudumu, na miaka ya kwanza baada ya kukoma ndiyo mfupa hupungua kwa kasi. Tutakula dagaa na miiba yao, maziwa, mchicha. Chumvi na sukari ya chai tutazipunguza hata kama wageni watanuna. Na kila mmoja ataandika tarehe zake, joto lake na usingizi wake kwenye daftari, aende nalo hospitali. Daktari anayeambiwa "najisikia vibaya" na anayeonyeshwa daftari la miezi minne hawatoi jibu moja.

Serikali tunaidai yafuatayo. Tafiti za afya ya wanawake zisiishie 49. Tabibu na muuguzi wa zahanati afundishwe kumuuliza kila mwanamke wa miaka 45 na zaidi kuhusu hedhi yake, na kumpima presha na sukari, kama anavyompima mjamzito bila kuombwa. Krimu na vidonge vya estrojeni vipatikane kupitia Bohari ya Dawa kwa bei inayolipika, tusivifuate kwenye maduka machache ya mjini. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 itekelezwe kwa kuyataja matibabu haya kwa jina katika kitita chake. Na uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi, saratani inayoongoza kwa wanawake wa nchi hii, uzingatie umri. Kipimo cha siki hupungua uwezo baada ya kukoma hedhi, kwa sababu eneo linalotakiwa kuonekana hurudi ndani. Tunataka kipimo cha kirusi cha HPV, ambacho mwanamke anaweza hata kujichukulia sampuli mwenyewe.

Kwa waajiri, hatudai likizo ya ukomo wa hedhi. Tumelijadili hilo mpaka tukagombana, na walioshinda walisema kwamba siku maalumu ya mapumziko itampa bosi sababu ya kumwajiri kijana. Tunadai maji na choo chenye mlango sokoni, dirisha linalofunguka ofisini, sare ya pamba badala ya ile ya nailoni, na ruhusa ya kwenda kliniki isiyohitaji kumweleza mkuu wa idara mambo ya ndani ya nguo.

Uanachama hauna ada wala kadi. Wanawake watatu wakikaa pamoja, mmoja wao akiwa ameshavuka na amekubali kuwa somo, hilo ni tawi. Wasichana waje, maana wanaoishi na mama zao ndio wanaojibiwa vibaya bila kujua kwa nini. Wanaume wanaruhusiwa kuhudhuria. Kikao cha kwanza watasikiliza tu; cha pili watauliza.