Besi na Dramu: Majibu kwa Wabishi wa Karatu

Karatu ni mji wa madereva wa watalii. Wageni wanaolala hapa kabla ya kupanda kwenda lango la Lodoare la kuingilia Ngorongoro huja na muziki wao, na dereva akishawazungusha siku kadhaa hushuka na majina mapya ya wapiga besi na dramu mdomoni: Bonham, Entwistle, Peart, Flea. Jioni magari yakishaoshwa, ubishi unaanza. Nani na nani, mmoja kwenye besi na mwenzake kwenye dramu, walipatana kuliko wote katika muziki wa roki? Ni ubishi mtamu. Tatizo ni madai yake, ambayo yamerudiwa mno hadi watu wanayachukulia kama amri kumi.

Lenye kelele kuliko yote ni hili: jozi kubwa zote ni za Uingereza na Amerika, sisi wengine ni wasikilizaji. John Paul Jones na John Bonham wa Led Zeppelin sina ugomvi nao. Bonham alipofariki Septemba 1980, wenzake hawakutafuta mtu wa kumrithi. Desemba ya mwaka huohuo walitangaza kwamba bendi imekwisha. Kipimo hicho kizuri, cha kuangalia nini kinatokea watu hawa wakiondoka, nitakirudia. Lakini tazameni mpiga dramu Ginger Baker, aliyekuwa na Jack Bruce katika Cream kuanzia 1966 hadi 1968. Umaarufu alikuwa nao, fedha alikuwa nazo, na mwaka 1971 akapanda gari akakata Sahara hadi Lagos, akajenga studio na kupiga na Fela Kuti, ambaye dramu zake zilikuwa mikononi mwa Tony Allen. Jina la Baker halikosekani katika orodha za Waingereza. Yeye mwenyewe alijua masikio yake ayapeleke wapi.

Na roki ilifika kwetu pia, pamoja na soul. Novemba 1969 wakuu wa Dar es Salaam walipiga marufuku muziki wa soul, na hakuna apigaye marufuku kitu ambacho hakijabisha hodi. Miaka michache baadaye mji huohuo ulikuwa na Sunburst, bendi iliyochanganya roki, soul na midundo ya nyumbani, Bashir Idi Farhan akishika besi na Johnny Rocks akiwa kwenye dramu. Albamu yao, *Ave Africa*, ni ya 1976. Ilitolewa upya Ulaya mwaka 2016, na wengi wetu tukaisikia kwa mara ya kwanza kutoka huko, jambo ambalo ni aibu yetu na si yao.

Dai lingine linasema mkubwa ni yule anayepiga vingi. Hapa ndipo vijana wanapomtaja Neil Peart wa Rush, wakihesabu ngoma zilizomzunguka kana kwamba ni ng'ombe wa mahari. Au Keith Moon na John Entwistle wa The Who, ambao kila mmoja alipiga kama mpiga solo na bado wimbo ukasimama. Nakubali, ule ulikuwa muujiza. Lakini muujiza haufanywi kanuni.

Chukueni ndugu wawili, Aston na Carlton Barrett, waliokuwa nyuma ya Bob Marley. Katika mdundo uliowapa jina, pigo la kwanza la kila hesabu huachwa tupu, na ngoma ya mguu huanguka kwenye la tatu. Besi ya Aston inajua pale patupu pako wapi na haijazi bila sababu. Wimbo mzima unaning'inia juu ya kitu kisichopigwa. Au chukueni Queen, ambao hapa tunawapenda kwa sababu Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar mwaka 1946. Watu wanamsifu Mzanzibari wetu na kuwasahau John Deacon na Roger Taylor. Mwaka 1980 bendi ile ilishika namba moja Marekani kwa wimbo "Another One Bites the Dust", uliotungwa na Deacon, mpiga besi, mtu mkimya kuliko wenzake. Dramu za wimbo huo ni kavu, hazina mbwembwe, zinajirudia tu, na besi inatembea katikati kwa hatua chache. Mtoto anaweza kuuimba mstari ule wa besi kwa mdomo. Basi anayehesabu mapigo aende akahesabu na ukimya.

Sasa nafika kwenye dai linaloniudhi hasa, kwa sababu linatoka kwa watu wanaoupenda muziki wetu: kwamba dansi ni magitaa na sauti, besi inasindikiza, dramu inatunza muda. Wanaosema hivi wameusikia muziki wa Wanyika maisha yao yote bila kuusikiliza.

Historia yenyewe ilipita barabara hii yetu ya mkoa. Wilson na George Kinyonga walitoka Tanga, walikokuwa na Jamhuri Jazz, wakaja Arusha mwaka 1970 na kuanzisha Arusha Jazz. Mwaka uliofuata walikuwa Nairobi, na Simba Wanyika ikazaliwa. Miaka saba ilikwenda vizuri. Kisha Novemba 1978 bendi ikapasuka, na angalieni nani waliondoka. Ndugu wenye bendi, waimbaji na watunzi wake, walibaki. Waliotoka ni pamoja na Omar Shabani, aliyeitwa Profesa, wa gitaa la ridhimu, Tom Malanga wa besi na Rashid Juma wa dramu. Yaani sakafu ndiyo iliyohama.

Kama dai lingekuwa kweli, wale wasindikizaji wangepotea mjini Nairobi. Badala yake waliunda Les Wanyika, wakaungana na John Ngereza, na mwaka 1979 ukatoka "Sina Makosa", wimbo ambao hadi leo ukipigwa kwenye harusi ya Karatu, Mombasa au Bukavu, wazee na wajukuu wanasimama pamoja. Simba Wanyika haikufa. Ndugu wale walipata wapigaji wengine na wakaendelea kutoa nyimbo nzuri hadi miaka ya tisini. Tofauti na Led Zeppelin, hapa waliobaki waliweza kuendelea. Lakini waliotoka walithibitisha jambo ambalo Led Zeppelin haikupata nafasi ya kulithibitisha: kwamba besi, dramu na ridhimu wanaweza kwenda na ladha yao wenyewe na kuanzisha nyumba mpya.

Sikilizeni anachofanya Malanga. Besi yake haiendi mfululizo. Inasema neno, inanyamaza, halafu inamalizia sentensi pale ambapo hukuitarajia, na ule unyamavu ndio unaokufanya uinue bega. Rashid Juma hamkimbizi wala hajazi pengo lile kwa kishindo. Anashikilia mwendo mwepesi, na Profesa anapitisha gitaa lake juu yao kwa nota zilezile, bila kuchoka. Hakuna safu ya tarumbeta ya kuficha kosa. Kila mtu yuko uchi, na hakuna anayeona aibu. Mpiga solo anapoingia anakuta kila kitu kimeshapangwa, yeye anakaa tu.

Wengine wanasema dramu si yetu, kwamba bendi za zamani zilitegemea tumba. Nusu ya kweli. Dansi lilikulia kwenye santuri za Kyuba na rumba ya Kongo, na tumba ilikuwa mfalme. Bendi zetu hata mitindo zimeiita kwa ngoma za jadi, Msondo na Sikinde. Lakini Zaiko Langa Langa, iliyoanzishwa Kinshasa Desemba 1969, ilitupa tarumbeta na kuweka dramu mbele, na mdundo wa cavacha unaohusishwa na mpigaji wao Meridjo Belobi ulienea hadi Nairobi katika miaka ya sabini. Baada ya hapo kuuliza dramu ni ya nani ni kama kuuliza muhindi ni wa nani.

Kuna dai moja la hapahapa. Kwamba Ngorongoro hakuna asili ya mambo haya, kwa kuwa Wamasai hawapigi ngoma. Ni kweli hawapigi. Sasa nendeni mkasikilize morani wakiimba. Kiongozi, olaranyani, anapeleka wimbo juu. Wenzake wanajibu kwa sauti nzito ya kooni inayorudi na kurudi, shingo na kifua vikienda nayo, na miguu ya anayeruka inatua penye pigo. Besi na mdundo vimetoka katika koo moja. Teremkeni upande wa pili, Ziwa Eyasi, kwa Wahadzabe: ngoma yao ya epeme huchezwa usiku usio na mwezi, mwanamume akiwa na njuga mguuni, anakanyaga ardhi, wanawake wakiimba. Giza ni la makusudi, hivyo masikio ndiyo yanayoona. Sidai kwamba Malanga alichota huko. Dansi ni mtoto wa mjini. Nasema tu kwamba aliye Karatu na kudai hajazaliwa kwenye kazi hii ya sauti ya chini na pigo hajafungua dirisha la gari.

Kuhusu dai kwamba kompyuta zimewaua wapigaji, sitapoteza muda. Singeli inatengenezwa kwa kompyuta na inachezesha watu. Anayetaka kumwona kijana na gitaa la besi aende kanisani Jumapili.

Linabaki dai la mwisho, kwamba wa dansi na wa roki hawawekwi kwenye orodha moja. Mimi nawaweka: Malanga na Rashid Juma kwanza, ndugu Barrett wa pili, Jones na Bonham wa tatu, na Deacon na Taylor wa nne, nusu ya nafasi hiyo ikiwa ni upendeleo kwa Zanzibar. Anayebisha aingie kwenye gari lake, apunguze sauti za juu kwenye redio hadi gitaa la solo lififie, acheze "Sina Makosa", halafu acheze wimbo wake. Kisha aje tuendelee.