Mume wa mbalamwezi

Safari hii nakuandikia kutoka Nyakato, Mwanza, mtaani nilikokulia. Nimekuja kuwasalimia wazee, na kama ilivyo kwa mtu aliyekaa mbali, wiki nzima imeishia kwenye kupokea habari: nani kaolewa, nani kahamia Buswelu, nani kajenga, nani kaachika.

Kwa asiyepajua, Nyakato ipo Manispaa ya Ilemela, ukiishika Barabara ya Musoma kutoka mjini. Kuna viwanda, gereji, VETA, soko na nyumba zilizobanana kweli kweli. Ukisimama barabarani ziwa hulioni. Lakini nenda sokoni kanunue dagaa, ndipo utajua kwamba unaishi na ziwa. Wiki hii bei ya sado moja imemfanya mama yangu arudishe pesa kwenye kanga na kuondoka. Wiki mbili nyuma, anasema, dagaa walikuwa bei ya kutupa. Nikamuuliza muuzaji, "Kulikoni mama?" Akanijibu bila hata kuniangalia, "Kwani jana usiku hukuona mwezi?"

Nikacheka, maana nilikuwa nimesahau. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, siku hizi wengi wanatumia taa za betri na sola. Taa inavuta wadudu, dagaa wanapanda juu kuufuata mwanga, nyavu inawazunguka. Ila taa ina nguvu pale tu kukiwa na giza. Mwezi ukiwa mkubwa, ziwa zima linakuwa na mwanga, dagaa wanatawanyika, na mvuvi anabaki anachoma mafuta ya injini bure. Kwa hiyo siku kama 7 hadi 10 za mbalamwezi wengi hawaendi majini. Wanashona nyavu, wanaziba mitumbwi, wanarudi nyumbani.

Siku hizo utawajua tu. Vinyozi wanajaa, mafundi cherehani wanajaa, nyama choma inaisha mapema. Na watoto wa wavuvi hutungwa lini, usiniulize mimi, piga hesabu mwenyewe!

Sasa tuje kwenye yetu. Nina shoga yangu tuliyesoma naye sekondari, ni mhasibu katika ofisi moja mjini. Mumewe ana mitumbwi miwili ya dagaa. Akiwa karibu anatokea Igombe, kule mbele ya uwanja wa ndege, lakini dagaa wakihama na yeye anahama, anapiga kambi visiwani upande wa Ukerewe wiki mbili, wakati mwingine tatu. Wameoana miaka 6, wana watoto wawili. Wamenipa ruhusa niandike habari zao, kwa sharti kwamba nisiwataje majina.

Tatizo lao lilianza na neno dogo tu, mwezi. Mwezi wa mke unaisha siku mshahara unapoingia benki. Mwezi wa mume unaisha mwezi wa angani unapokuwa mkubwa. Na hii miezi miwili haiendi pamoja hata siku moja. Mwezi wa angani una siku 29 na nusu, kwa hiyo kila mwaka unatangulia kalenda ya ukutani kwa siku kama 11. Waislamu mnalijua hili, ndiyo maana Ramadhani inasogea kila mwaka. Basi kuna wakati mbalamwezi inaangukia mwisho wa mwezi, wote wawili wana pesa, nyumba inacheka. Baada ya miezi kadhaa inaangukia katikati. Kodi inadaiwa, ada inadaiwa, mke anaangalia simu, mume yuko gizani kisiwani hana hata mia.

Shoga yangu anasema miaka ya mwanzo alikuwa anaona kama ameolewa na wanaume wawili. Mmoja hapokei simu, hatumi pesa, hajui mtoto anaumwa. Mwingine anakuja na kiroba cha dagaa, sato wa kuchoma na noti nyingi mfukoni, anataka kila mtu afurahi. Analala siku mbili mfululizo. Siku ya tatu anatoka na wenzake. Mke anatoka kazini amechoka, mume ndiyo kwanza anavaa viatu. Wiki imeisha, baba anafunga begi.

Masika ya mwaka jana mambo yakaharibika. Nikukumbushe kitu kuhusu dagaa: kuvua ni nusu ya kazi, nusu nyingine ni jua. Wengi bado wanaanikwa mchangani, wachache kwenye vichanja. Ikinyesha siku mbili tatu mfululizo, mzigo unaoza, na ule uliokuwa uliwe na watu unauzwa kwa hasara uwe chakula cha kuku. Shemeji yangu aliloweshewa mizigo miwili mfululizo. Mkewe hakuambiwa. Alichokiona yeye ni mume aliyekuja mbalamwezi ile mikono mitupu na uso umekunjamana.

Usiku mume kalala, simu ikaita mara moja ikanyamaza. Mke akaichukua. Meseji ilitoka kwa namba yenye jina la kike: "Mbona kimya? Uliniahidi mbalamwezi hii. Au umenisahau?"

Wewe msomaji wangu ungefanyaje? Yeye hakuuliza. Alirudisha simu mahali pake, akalala kwa kugeuka ukutani. Ikawa hivyo mbalamwezi mbili. Chakula kinapikwa, watoto wanaoga, "shikamoo baba" zinaitikiwa, ila wao wawili hawaongei. Mwezi Juni mume akaondoka alfajiri bila kuaga, na mke yuko macho anamsikia anafungua mlango.

Usiku wa pili wake upepo ukavuma. Kuanzia Juni hadi Agosti ziwa hili huwa na upepo mkali kutoka kusini, na mawimbi yake si ya kuchezea. Akapiga simu, haipatikani. Asubuhi, haipatikani. Jioni, haipatikani.

Mtu wa Dar anaweza kusema chaji imeisha. Mtu wa Mwanza hasemi hivyo haraka. Hapa kila mtaa una familia inayokumbuka tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba. Kila mtaa una mtu aliyekaa na redio tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipopinduka karibu kabisa na kisiwa cha Ukara, nchi kavu inaonekana. Na mitumbwi inayozama na watu wawili watatu wala haifiki kwenye taarifa ya habari.

"Unajua nilichokuwa nakiwaza?" shoga yangu aliniambia. "Sikumuwaza yule mwanamke hata kidogo. Nilikuwa nakumbuka mlango unavyofunguliwa, na mimi nimefumba macho najifanya nimelala."

Siku ya tatu simu ikaita. Walikuwa wamejificha kisiwa kingine, betri zote zimelowa. Mke akasema maneno mawili tu: "Rudi tuongee." Na giza lilikuwa bado, dagaa wanavuliwa, lakini mume akarudi.

Wakaongea usiku kucha. Yule mwanamke ni mfanyabiashara wa dagaa Mwaloni Kirumba, mama mtu mzima, ndiye aliyemkopesha pesa ya mafuta na betri baada ya mvua kumuharibia. Mume akaleta daftari, madeni yote yameandikwa kwa mkono wake mpaka la muuza chai. Shoga yangu anasema aliyasoma yale madeni akalia kuliko alivyoilia ile meseji.

Mimi nilimuuliza shemeji juzi, tumekaa kibarazani: "Shem, kwa nini hukumwambia mkeo tangu mwanzo?" Akanyamaza kidogo. "Shem, mwenzangu pesa yake ina tarehe. Mimi niende kumwambia nimeshindwa na mvua? Nilisema nitalipa giza linalofuata, hatajua."

Jamani, hilo ndilo nililotaka tuongee mwezi huu. Wanandoa wengi tunapimana kwa kalenda zetu wenyewe. Mwenye mshahara anamuona mwenye biashara kama mtu asiye na mpango. Mwenye biashara anamuona mwenye mshahara kama mtu asiyejua shida. Na huyu anapokuwa kwenye msimu mbaya, anaona aibu, anaficha. Mwenzake anauona ule ufichaji, ila hajui kilichofichwa, basi anajaza mwenyewe, na siku zote tunajaza jina la mwanamke au la mwanaume.

Sitaki nikudanganye. Si kila meseji ni deni. Maisha ya kambini yana vishawishi vyake, na wapo wake wa Nyakato waliouliza wakapewa jibu lililowaumiza. Hata hivyo jibu linalouma ni heri kuliko mbalamwezi mbili za kugeukia ukutani. Na kama mmoja wenu anakaa mbali wiki nyingi, kapimeni VVU pamoja, tena mara kwa mara. Hata hawa wawili walikwenda.

Wamebadilisha nini? Jikoni kwao kuna kalenda moja. Mke amezungushia siku za mshahara, mume amechora vimiduara vya mwezi mkubwa kwa mwaka mzima. Wakikaa wanaona mapema mwezi gani hali itabana, basi pesa ya giza zuri inagawanywa kwa siku zote 29, siyo kwa wiki ya sherehe tu. Masika wanaihesabu kama miezi ya njaa hata kama jua litawaka. Daftari la madeni linakaa kabatini na nguo, si kwenye begi la kambi. Mke akiweza anachukua likizo yake mbalamwezi, hata siku mbili. Na sheria ya mwisho ni ya mlangoni: hakuna kuondoka bila kuagana, hata kama mmenuniana. Mnanuniana, mnaagana, mtaendelea kununiana mkikutana.

Na wewe usiseme haya ni ya wavuvi. Mwongoza watalii ana msimu wa wageni na msimu wa kukaa nyumbani. Mwalimu ana likizo, nesi ana zamu za usiku, dereva wa masafa ana mpaka wa Rusumo, mhasibu naye mwisho wa mwaka wa fedha haongeleshwi. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Ni nyumba ngapi Kigoma zilikuwa na mume asiye na kipato siku 90? Waliokuwa wamekaa wakapanga mapema walijuana zaidi. Waliokuwa wanafichana, sidhani.

Kwa hiyo wiki hii muulize mwenzi wako: mwezi wako unaisha lini? Giza lako ni lini, na mbalamwezi yako ni lini? Usishangae ukikuta mmelala kitanda kimoja miaka mingi na hujawahi kumuuliza.

Hapa nafunga kwa habari njema ya mtaa. Juni ndiyo msimu wa Bulabo kule Bujora, Kisesa, mavuno yameingia na Wasukuma wanacheza: Bagika upande huu, Bagalu upande ule, kila kundi linatafuta kuvuta watu wengi zaidi, na nyoka nao hawakosi. Mwaka huu mbalamwezi imetupendelea. Shemeji ameshanyoa, shoga yangu ameomba ruhusa kazini, na mimi nimepewa kazi ya kubaki na watoto. Nimekubali, jamani. Watu hawa wana siku nne tu.

Tukutane mwezi ujao, wa kalenda au wa angani, wowote utakaotangulia!