Pikapu ya wamama inachemka: tutie ventilateri ya umeme?

Juma hili tunaacha kidogo mambo ya daftari za watoto, tunaingia chini ya kapo ya gari.

Wote mnajua pikapu ya kikundi chetu, ile Hilux ya mwaka 1986 tuliyoinunua kwa makuta ya likelemba. Mwezi uliopita ilichemka mara tatu kati ya Kaseghe na Lubero. Mara ya tatu tulilala njiani. Mashu ya mama mmoja mjane yaliozea ndani ya mifuko, na ndiyo yalikuwa minervali ya watoto wake wawili. Konvwayeri, kijana wa hapa hapa Kirumba, alifungua kifuniko cha radiateri maji yangali yanachemka. Mkono na kifua vikaungua. Kwa hiyo jambo hili si la wanaume wa garaji peke yao.

Kule Butembo mekanisye mmoja alituambia: tieni ventilateri ya umeme, mambo yataisha. Aliomba dola 60. Ndani ya kesi mlikuwa dola 140. Sisi tukamuuliza swali ambalo tunawauliza wanafunzi kila siku: sababu ni nini? Akacheka. Tukaenda kwa mwingine.

Huyu wa pili alianza na kifuniko, na hapo wamama tulimwelewa mbio kuliko shofere. Sisi tunaopika huku juu tunajua maharagi yanakula makala mengi kuliko kule Beni. Ni kwa sababu kwenye metre 2.000 maji yanachemka karibu na digrii 93, si 100. Moteri nayo inafanya kazi karibu na joto hilo hilo. Kinachookoa ni kifuniko: kinabana maji kama sufuria iliyofungwa vizuri. Chetu kimeandikwa 0,9, na kikiwa kizima, maji yanaweza kufika karibu digrii 115 bila kuchemka. Mpira wake ulikuwa umepasuka. Kipya kilitugharimu dola 5.

Kisha akaangalia radiateri: tope na mbegu za majani zilikuwa zimeziba mbele yote. Akaiosha kwa maji ya polepole, kutoka upande wa moteri kwenda mbele, maana maji ya nguvu yanalaza zile bati nyembamba. Akakaza mkanda. Mwishoni, moteri ikiwa imezimwa, akazungusha ventilateri ya zamani kwa mkono. Ikazunguka bure kama gurudumu la baiskeli. Katikati yake kuna kichwa chenye mafuta mazito ambacho kinapaswa kuishika. Chetu kilikuwa kimekufa, na kipya hatukukipata Butembo. Kama kingepatikana, tungebaki na ile ya mkanda. Kwenye mlima, gari ikipanda kwa vitesi ya kwanza moteri ikilia, ile inazunguka kwa nguvu na haidai umeme hata kidogo. Msidanganyike kwamba ya umeme ni bora kila mahali.

Basi tukachagua ya umeme, ya okazyo. Walituletea mbili. Ya kwanza ilitoka kwenye gari kubwa la Ulaya, nzuri kwa macho, lakini inakula ampere 30 na zaidi. Ya pili ina upana wa sentimetre 40 na inakula 18. Wanafunzi wa mwaka wa sita walitufanyia hesabu: volti 12 mara ampere 18, ni wati 216. Alternateri yetu imeandikwa ampere 60, lakini gari ikitambaa ndani ya matope haitoi zote, labda nusu. Taa mbili za mbele zinachukua kama 9. Ongeza vifuta mvua na kuwasha moteri. Ile ya 30 ingetuzimia batri usiku, huko Alimbongo, na mvua. Tukachukua ya 18, kwa dola 40.

Namna ya kuifunga nayo ina maana. Tulitaka ikae nyuma ya radiateri, upande wa moteri, ivute upepo. Ikiwa mbele inasukuma tu na inazuia hewa. Ilitiwa ndani ya kizingo cha bati kinachofunika radiateri yote, kusudi isipoze duara moja peke yake. Waya nene, fuzibli, na rele. Msikubali ifungwe kwa kamba za plastiki zinazopita ndani ya radiateri: zinasugua mpaka inatoboka. Na mwambieni shofere aonje kabla ya kulipa kama upepo unaelekea moteri, kwa karatasi tu. Yetu ilikuwa imeungwa kinyume!

Sasa kuhusu watoto. Ventilateri hii inaweza kuanza yenyewe hata kama moteri imezimwa. Kapo ikiwa wazi, mtoto asisogee, na mwenye kutia mkono achomoe kwanza waya wa batri. Kifuniko cha radiateri hakifunguliwi kabla ya nusu saa, na hata hapo kwa kitambaa kinene, polepole. Mtu akiungua: maji safi ya baridi dakika 20, halafu kituo cha afya. Dawa ya meno hapana, mafuta hapana. Yule kijana walimpaka dawa ya meno, na muuguzi alihangaika kuitoa.

Anaendelea vizuri, mkono unafunga. Pikapu imepanda Lubero mara mbili bila kusimama. Ndani ya kesi, tukitoa na kazi ya mekanisye, mmebaki dola 70. Siku ya Alhamisi kamati itaamua ni ngapi kati yake zitaenda kwa mama wa mashu. Sisi tunaomba zitoke zote mbili za minervali kabla hatujanunua mpira wa akiba.