Nani Humliwaza Muuguzi?



Ndugu Waislamu, malalamiko juu ya lugha kali ya wauguzi husikika katika kila baraza. Mama mjamzito hukaripiwa, mzee hujibiwa kwa mkato, na wapo wagonjwa wanaoona heri wabaki nyumbani na maradhi yao. Ukali huo hautetewi, kwa kuwa mgonjwa ni amana. Hata hivyo, ni vema tukajiuliza: moyo uliokuwa laini siku ya kwanza ya kazi umekaukaje?

Sisi wa Kasulo tu mashahidi wa jambo hili. Mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo katika muda wa saa 24 hivi, wakapiga kambi Benako. Waliowapokea waliuguza watu wengi kupita uwezo wa mikono yao. Na Januari 2025, ugonjwa wa Marburg ulipothibitishwa Biharamulo, watu 10 walifariki, na wahudumu wa afya walikuwa miongoni mwa waliowekwa chini ya uangalizi kwa kuwa waliwakaribia wagonjwa. Anayebeba machungu ya watu kila siku bila ya kupata pa kuyatua, mwishowe huufunga moyo wake. Shirika la Afya Duniani limeueleza uchovu huu kwa alama tatu: kuishiwa nguvu, kuitenga kazi moyoni, na kuona kuwa ulifanyalo halina tija. Halikuuita ugonjwa, bali matokeo ya mashaka ya kazini yasiyotatuliwa.

Ushairi unaingiaje hapa? Wapo watakaosema kuwa washairi wamekemewa katika Qur'an. Ni kweli, lakini Sura hiyo hiyo ya ash-Shu'araa inawatoa katika lawama walioamini, wakatenda mema na kumkumbuka Allah kwa wingi. Hassan bin Thabit (r.a.) alikuwa akisoma mashairi yake ndani ya msikiti wa Mtume (s.a.w.) Madina. Na ni katika msikiti huo huo Saad bin Muadh (r.a.) alipigiwa hema alipojeruhiwa katika vita vya Khandaq, wapokezi wa Sira humtaja Bibi Rufaida kuwa ndiye aliyewauguza majeruhi humo. Mgonjwa, muuguzi na mshairi, wote walikuwa na nafasi msikitini.

Lugha yetu nayo ina hazina. Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia bintiye utenzi mwaka 1858, hali maradhi yamemshika mwaka mzima. Muuguzi anayeusoma hukutana na mgonjwa ambaye si nambari ya kitanda, bali ni mama anayemuusia mwanawe. Naye atungaye beti chache juu ya mtoto aliyemfia mikononi huipatia huzuni yake pa kutokea, isije ikatoka kwa njia ya ukali. Matabibu wanaijua njia hii: Ibn Sina aliieleza elimu ya tiba kwa beti, na jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, lina safu ya mashairi.

Hatusemi kuwa shairi litaongeza wauguzi, dawa au mishahara. Hayo ni wajibu wa wenye mamlaka, nasi tusichoke kuyadai; kumpa beti mtu aliyenyimwa mapumziko ni dhihaka. Lakini liko lililo katika uwezo wetu. Kila msikiti uwaalike wahudumu wa zahanati iliyo jirani, walau mara moja kwa mwezi. Vijana wa madrasa wawasomee tungo za subira na shukrani, kisha wao wenyewe wasikilizwe bila ya kuhukumiwa.

Tumezoea kumwombea dua mgonjwa, tukamsahau aliyekesha naye. Mwezi huu tumkumbuke.