Staa Kawasha Mkaa kwa Gesi, Kapata Laiki. Mchoma Nyama Je?

Unamjua. Ngoma zake zinapigwa kwenye kila bajaji, miwani havui hata saa nne usiku, na akija Dodoma lazima mji mzima ujue. Jina tuliache, maana angeweza kuwa yeyote kati ya mastaa kumi wanaofanya vilevile.

Jumamosi moja, baada ya shoo, jamaa katua na msafara wake kwenye banda la nyama choma pande za Area D. Mbuzi yuko tayari ila mkaa haujashika. Mchoma nyama anapepea na kipande cha boksi, na upepo wa Dodoma nao unajipulizia unavyotaka. Staa hana subira, si unajua tena. Kijana wake akafungua buti, akatoa bomba la moto, lile lenye mdomo mpana ambalo watu wanababulia vichwa vya mbuzi. Ukaletwa mtungi wa gesi wa kilo 15 kutoka jikoni, regyuleta ikang'olewa, mpira ukachomekwa na kukazwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Simu juu. Mwali wa bluu, vuuuu! Dakika chache tu mkaa mwekundu, watu mayowe, klipu ikasambaa.

Baada ya hapo mtandaoni ikawa ligi. Kundi moja likasema jamaa ni kichwa, hiyo ndiyo akili ya kisasa. Kundi la pili likasema huo ni ushamba wa kujifanya mzungu, nyama itanuka gesi, mkaa uwashwe kama walivyowasha mababu. Yaani siku mbili watu wanatukanana, na makundi yote mawili yamepishana na hoja.

Kuwasha mkaa kwa gesi si kosa. Kosa liko kwenye ile tyubu ya baiskeli. Na atakayelipia hilo kosa siyo staa.

Tuanze na hao wa mababu. Mababu waliwasha kwa vijiti vikavu na subira. Nenda mabanda ya leo uone kinachowasha mkaa: mafuta ya taa, na pale mteja anapofoka, kipande cha rambo. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini plastiki bado inapata njia ya kufika jikoni. Moshi wa plastiki ni sumu, na anayeuvuta wa kwanza ni mchoma nyama aliyeinamia jiko. Wapo hata wanaothubutu petroli, ambayo mvuke wake unalipuka kabla kiberiti hakijafika kwenye mkaa. Ukilinganisha na hayo, gesi ni mstaarabu. Inaungua yote na haiachi mafuta juu ya mkaa. Ukisubiri mkaa uvae majivu meupe ndipo uweke nyama, hakuna mtu atakayeonja gesi humo, hata awe na ulimi wa mwanasheria.

Kuna wengine walioleta hoja ya mazingira: mbona serikali inahimiza watu waache mkaa, halafu mtu anatumia gesi kuuwasha mkaa huohuo? Kweli inachekesha kidogo. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, ule wa 2024 hadi 2034, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Lakini tuwe wakweli, nyama choma ndiyo itakayokuwa ya mwisho kuuaga mkaa. Raha ya mbuzi wa mnada wa Msalato siku ya Jumamosi ni lile tone la mafuta linalodondoka kwenye kaa, likarudi juu kama moshi. Hiyo ladha sufuria haina. Kwa hiyo kwa miaka kadhaa ijayo gesi na mkaa watakaa banda moja. Swali ni watakaaje.

Sasa turudi kwenye mtungi, maana hapo ndipo penye shughuli.

Gesi ya mitungi ya nyumbani ni mchanganyiko wa propeni na buteni, imekandamizwa mpaka imekuwa kimiminika. Regyuleta ndiyo breki yake. Inaipunguza nguvu ili itoke kwa kiasi ambacho jiko linaweza kukimudu. Bomba la moto linahitaji nguvu zaidi ya jiko la chai, kwa hiyo mtu akiliunga kwenye regyuleta ya kawaida anapata mwali mlegevu kama mshumaa. Anafanyaje? Anang'oa breki. Hapo ndipo wengi wanapoteleza, kwa sababu zipo regyuleta za presha kubwa zilizotengenezwa kwa kazi hiyohiyo. Ni suala la kununua tu, ila hela imeenda kwenye meza.

Halafu kuna mpira. Mpira wa gesi ni wa gesi. Wa kumwagilia bustani unaliwa na gesi taratibu, unakakamaa, unapasuka, na kwa jua la Dodoma la Septemba hauchukui muda. Kwenye maungio panatakiwa kibano cha chuma kinachokazwa kwa bisibisi. Tyubu ya baiskeli inavutika ikipata joto, na pale joto lipo sentimita chache tu.

Ikivuja, gesi hiyo ni nzito kuliko hewa. Haipandi juu ikapotea kama moshi, inashuka chini, inajikusanya kwenye mashimo na chini ya meza, inasubiri cheche. Na jiko la mkaa linarusha cheche kila upepo ukipita. Ule mnuko unaousikia umewekwa makusudi ili ushtuke, maana gesi yenyewe haina harufu. Ila banda la nyama choma lina moshi, lina vitunguu, lina watu kumi wanaoongea kwa pamoja. Nani atausikia?

Hapa ndipo lile swali la kichwa cha habari linapokuja. Staa alishika bomba kwa sekunde arobaini, akaondoka na klipu yake, kesho yake yuko barabarani kurudi Dar. Mchoma nyama kabaki. Kaona dakika chache zimefanya kazi ya nusu saa. Na yeye ana wateja wanaofoka kila siku, hasa Aprili mpaka Juni wakati wa Bunge la Bajeti, mji ukiwa umejaa wageni na kupata meza ni bahati. Atafanya nini? Ataiga. Hataiga mara moja kwa ajili ya kamera, ataiga jioni mara tatu, mwezi mzima, na tyubu ileile. Akiungua, hakuna atakayeposti. Staa hatajua hata jina lake. Na mwenye banda, tuseme ukweli, kesho atatafuta kijana mwingine.

Ndiyo maana wanaosema "mbona hakuna kilichotokea" wanakosea hesabu. Hakijatokea siku ile. Ajali ya gesi haihitaji siku zote, inahitaji siku moja.

Kwa hiyo dawa siyo kukataza, ni kuunga vizuri. Regyuleta inayoendana na bomba. Mpira wa gesi usio na nyufa, wenye urefu wa kutosha kuuweka mtungi mbali na jiko, upande upepo unakotokea, mahali wahudumu hawapiti. Mtungi usimame wima muda wote, maana ukilazwa kinatoka kimiminika chenyewe na mwali unaruka kama nyoka. Kabla ya kuwasha, paka povu la sabuni kwenye maungio yote. Povu likitoa mapovu yanayokua, panavuja, funga, kaza upya. Wasiende kutafuta uvujaji kwa kiberiti, na wapo wanaofanya hivyo!

Ukimaliza, funga kwanza koki ya mtungi, uache gesi iliyobaki kwenye mpira iungue mpaka mwali ufe wenyewe, ndipo ufunge bomba. Kisha mtungi uondoke pale kabisa kabla nyama haijapanda kwenye wavu. Ule mtungi mdogo wa kilo 6 wenye jiko juu ya kichwa usiguswe kwa shughuli hii. Na namba ya Zimamoto ni 114, iandikwe ukutani karibu na bei ya mbuzi.

Mwenye banda asiyetaka gharama hizo anayo njia nyingine: kopo kubwa lililotobolewa matundu chini na pembeni, karatasi chini, mkaa juu, washa, acha. Moto unavuta hewa wenyewe kwenda juu, na baada ya muda mfupi unamwaga kaa lililoiva. Halina mvuto kwenye klipu, lakini halilipuki.

Na mastaa nao wana deni. Mtu anayeacha laki kadhaa mezani kwa usiku mmoja hashindwi kumwachia mchoma nyama regyuleta na mpira wa maana. Hiyo nayo ingekuwa kiki, tena safi: chukua bomba, onyesha povu la sabuni, onyesha kibano, halafu washa. Vijana wangeiga hivyohivyo, kama walivyoiga tyubu.

Wewe uliyeitazama ile klipu na kuisambaza, ulikuwa unaangalia mwali au uliuona mpira? Funguka.