Belti Ikilia, Usiinyamazishe

Kuna sauti ambayo ukiisikia usiku Thika Road huwezi kuisahau. Gari linakanyagwa, injini inapanda, halafu badala ya kuruka mbele linalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Watu wa stegi wanageuka. Mwenye gari anadhani wameshtuliwa na nguvu. Wameshtuliwa na belti.

Mara nyingi ni Mercedes ya Kompressor, zile C-Class za W203 ambazo vijana wengi wanazimezea mate. Tofauti yake na Subaru ya turbo ni hii: turbo inazungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, lakini supachaja inazungushwa na belti kutoka kwenye krenki. Sasa kijana anataka nguvu zaidi, anaambiwa abadilishe puli ya supachaja aweke ndogo. Saa chache tu, kazi imekwisha. Wiki mbili baadaye kelele zinaanza, na fundi anamwambia, "Buda, hiyo ni belti mpya tu, itazoea."

Haitazoea. Na hapa ndipo nina ugomvi na mafundi wetu, lakini pia na sisi wateja tunaopenda nguvu ya bei ya kutupa.

Mimi sikumaliza chuo, ila hesabu hii haitaki digrii. Tuseme puli ya krenki ina kipenyo cha milimita 150 na ya supachaja 75. Injini ikifika mizunguko 6,000 kwa dakika, supachaja inapiga 12,000. Weka puli ya milimita 65, inapiga zaidi ya 13,800. Hewa inaongezeka, sawa, lakini hiyo nguvu ya kuisukuma inapita kwenye belti ileile. Na puli ikiwa ndogo, sehemu ambayo belti inashika inapungua. Mzigo umepanda, mshiko umeshuka.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawaambiwi: belti yako ya zamani sasa ni ndefu kupita kiasi. Kama inakumbatia nusu ya ile puli, kupunguza kipenyo kwa milimita 10 kunakuachia karibu milimita 16 za belti isiyo na kazi. Tenshena itajaribu kuzimeza, lakini mkono wake una mwisho wa safari. Ukifika mwisho, belti inalegea na hakuna cha kuivuta. Angalia namba mgongoni mwa belti: 6PK2400 maana yake ni mifereji sita na urefu wa milimita 2,400. Ukibadilisha puli, uliza namba mpya itakuwa gani. Asiyekuwa na jibu usimwachie funguo.

Basi gari likilia, anza wapi? Fungua boneti injini ikiwa imezimwa na imepoa. Vumbi jeusi la mpira karibu na puli ya supachaja ni ushahidi kwamba belti inateleza. Pitisha kidole kwenye mifereji ya belti. Iking'aa kama kiatu cha askari, imeungua. Usitafute nyufa peke yake. Belti za kisasa huisha kama tairi, zinakwanguka taratibu bila kupasuka, na unaweza kuambiwa "bado iko poa" wakati mshiko ulishakwenda. Chunguza kama kuna oili au kulanti inayodondokea hapo, maana ukiweka belti mpya juu ya oili umetupa pesa.

Halafu kuna jaribio la maji, la bei ya chupa ya kunyunyizia. Injini ikiwa inanguruma taratibu, nyunyiza maji kidogo upande wa mifereji, mikono na nguo zikiwa mbali. Kelele zikiongezeka, belti imelegea, kwa hiyo shika tenshena na urefu. Zikinyamaza kidogo kisha zirudi, puli hazijakaa kwenye mstari mmoja. Hii ya pili huwa nyingi baada ya kubadilisha puli, kwa sababu puli iliyokaa nje kidogo tu inatosha kuisumbua belti. Ikiwa sauti ni ya kusaga na haijali maji, toa belti uzungushe kila puli kwa mkono. Beringi iliyokufa utaisikia.

Kama kelele hakuna lakini nguvu inapotea juu, usikimbilie kulaumu belti. Paipu ya hewa iliyolegea nayo huleta dalili hiyohiyo. Hapo vumbi jeusi ndilo litakalokuamulia.

Kinachonikasirisha ni ile dawa ya kupuliza. Fundi anapuliza belti, kelele zinaisha, unalipa, unaondoka ukitabasamu. Dawa hiyo inanata, inakusanya vumbi, na tatizo linaendelea kimyakimya. Nimemwona rafiki yangu akilipia kimya cha namna hiyo mara tatu.

Na si suala la kelele tu. Kwenye injini ya M271 iliyo ndani ya nyingi ya hizo Kompressor, belti moja inazungusha supachaja, alteneta, pampu ya maji na pampu ya usukani. Ikikatika, hupotezi nguvu ya ziada peke yake. Usukani unakuwa mzito ghafla, betri haichajiwi, na injini inaanza kuchemka. Sasa fikiria hayo yakikupata ukiteremka Mai Mahiu, lori mbele, matatu nyuma.

Kwa hiyo ukienda Kirinyaga Road kuulizia puli, ulizia bei ya vitu vyote kwa pamoja: puli, belti ya urefu sahihi, tenshena mpya, na aidla kama beringi zake zimechoka. Bajeti isipotosha, acha puli dukani mwezi huu. Rafiki yangu hatimaye alirudisha puli ya kiwandani na kuweka belti na tenshena mpya. Anasema gari linavuta kuliko lilivyokuwa na ile puli ndogo inayoteleza, na majirani wamerudi kulala.