Sidiria Baada ya Upasuaji



Mwezi Julai 2019 kampuni ya Allergan iliondoa sokoni duniani kote vipandikizi vya matiti vya Biocell, vilivyohusishwa na saratani adimu ya mfumo wa limfu. Wako waliovitoa kwa hofu hiyo, na wako waliovitoa kwa sababu nyingine. Hatuulizi sababu. Tunamfikiria anayerudi nyumbani na bandeji, akiona haya kuuliza avae nini.

Kwanza avae ile aliyoamriwa na daktari wake, usiku na mchana, hadi aruhusiwe kubadili. Wiki sita hivi za mwanzo aepuke yenye waya, kwani waya huukandamiza mshono. Inayofaa hufungwa mbele, ili mikono isinyanyuliwe. Mikanda yake ni mipana, na kitambaa ni pamba laini, maana joto la Doha halina huruma. Ikizuia pumzi, hiyo ni ndogo.

Tusikimbilie City Center hapa West Bay kununua nyingi. Uvimbe hupungua kwa miezi, na kipimo hubadilika. Mbili zatosha: moja mwilini, moja kambani.

Asiyeweza kusujudu aswali kwa kukaa; dini yetu ni nyepesi. Lakini titi likivimba ghafla, likiwa jekundu, au homa ikipanda, hapo si suala la sidiria tena: amwone daktari siku hiyo hiyo. Haya ni pambo la muumini, ila isiwe kizuizi cha tiba.

Wabillahi tawfiq.